Semei Kakungulu, Mjenzi wa Mji wa Mbale



Kila tunapokutana sisi tuliopitia Nangwa, mazungumzo huanzia kwenye uji na kengele ya alfajiri, yakafika kwenye mpira, na mwisho huishia kwenye makabila. Fulani alikuwa Mbarabaig, fulani Mwiraqw, fulani Mnyaturu, fulani Mrangi, na yule mwingine alikuwa Mchaga aliyeteremka kwenye basi na sanduku lake la bati, akauliza mlima huu mkubwa unaitwaje. Tulitaniana sana. Lakini bweni lilikuwa moja, sufuria ilikuwa moja, na lugha ya kuombana chumvi ilikuwa Kiswahili. Hapakuwa na mtu aliyelazimika kuwa wa kabila la mwenzake ndipo apewe chumvi.

Jambo hilo tuliliona dogo, kwa sababu tulilikuta. Aliyekuta kisima hajui taabu ya kuchimba. Ndiyo maana nimeona inafaa katika gazeti letu la mwaka huu nisimulie maisha ya mtu mmoja wa nchi jirani, ambaye alijenga mji mzuri, akaupangia barabara na kuupandia miti, lakini akauacha na swali ambalo watu wake waliendelea kugombania miaka mingi baada ya yeye kufa. Swali lenyewe ni hili: mji ni wa nani? Je, ni wa aliyeujenga, wa mwenye ardhi, au wa yule aketiye ofisini na kuandika kwa lugha yake?

Mtu huyo ni Semei Kakungulu. Katika Uganda jina lake linajulikana sana. Huku kwetu tulilisikia kwa kupita tu katika somo la historia, baina ya Kabaka Mwanga na Mapatano ya 1900, kisha tukalisahau.

KIJANA WA KOKI

Kakungulu alizaliwa mnamo mwaka 1868 au 1869 katika nchi ya Koki, ufalme mdogo uliokuwa kusini-magharibi ya Buganda. Watu wengi husema alikuwa Mganda, na kweli aliishi na kufa kama Mganda, lakini ni vizuri tukumbuke kwamba kwa kuzaliwa alitoka nje. Koki ilikuja kuingizwa katika Buganda mwaka 1896, wakati yeye alikwisha kuwa mtu mzima na mkubwa wa majeshi. Kwa hiyo mtu aliyekuja kueneza Uganda wa Kiganda mashariki yote alikuwa ni mtu aliyejifunza Uganda huo ukubwani.

Alifika kwa Kabaka akiwa kijana, akajipatia sifa kwa uwindaji wa tembo. Zama hizo pembe ndiyo iliyokuwa fedha ya kununulia bunduki, na mwenye bunduki ndiye aliyekuwa mtu. Akaingia dini ya Kiprotestanti kwa wamisionari wa Kiingereza, akabatizwa jina la Semei.

Mara nchi ikachafuka. Mwaka 1888 Kabaka Mwanga aliondolewa katika kiti na Wakristo na Waislamu walioungana. Baada ya wiki chache Waislamu wakawafukuza Wakristo, nao wakakimbilia Ankole. Huko uhamishoni na katika vita vya kurudi ndipo jina la Kakungulu lilipotokeza. Alikuwa hodari, mwepesi wa kuamua, na watu walipenda kumfuata. Mwanga alirudishwa katika kiti. Lakini washindi nao wakagawanyika, Wakatoliki wakaitwa watu wa Ufaransa na Waprotestanti watu wa Uingereza, ingawa wote walikuwa Waganda wa damu moja. Januari 1892 wakapigana Mengo, na Waprotestanti wakashinda kwa msaada wa bunduki za Kapteni Lugard.

Nalitaja hili kwa sababu moja. Mtu aliyelelewa katika vita vya namna hiyo hujifunza kwamba cheo ni nyara. Kundi linaloshinda hugawana masaza, vijiji na mashamba, na kundi linaloshindwa hufunga mizigo. Kakungulu alijifunza somo hilo vizuri mno, na alikwenda nalo mashariki.

FAHALI WAWILI

Katika Buganda mpya Waprotestanti walikuwa na wakubwa wawili. Mmoja alikuwa Apolo Kagwa, Katikiro, yaani waziri mkuu. Wa pili alikuwa Kakungulu, ambaye alipewa cheo cha Kimbugwe, mmoja wa wakubwa kabisa wa baraza la Kabaka, na akaoa katika ukoo wa kifalme. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Kagwa alikuwa mtu wa kalamu na hesabu, mwenye subira, aliyejua kusema na Wazungu. Kakungulu alikuwa mtu wa vita, mkarimu kwa wafuasi wake, mwepesi wa kukasirika. Kagwa akashinda. Kakungulu akaacha cheo cha Kimbugwe, akapewa saza la Bugerere, nchi iliyonyang'anywa Bunyoro, huko mpakani penye mto Nile.

Mtu aliyefungiwa mlango wa nyumba hutafuta nyingine. Kutoka Bugerere Kakungulu aliweza kuona ng'ambo ya maji nchi kubwa ambazo Waganda walikuwa wameziita Bukedi. Msomaji ajue kwamba jina hilo si jina la heshima. Waganda waliwaita watu wa huko Wakedi kwa maana ya watu waendao uchi. Kabla Kakungulu hajavuka, dharau ilikuwa imekwisha kutangulia.

Nafasi yake ilikuja kwa njia ya vita. Mwaka 1897 Mwanga aliwaasi Waingereza, na mwaka huohuo askari wa Kisudani wa serikali nao wakaasi katika boma la Luba huko Busoga. Kakungulu alikuwa miongoni mwa wakuu wa Waganda waliopigana upande wa Waingereza. Mwanga akakimbilia kaskazini, akaungana na adui yake wa zamani, Kabalega wa Bunyoro, aliyekuwa amewasumbua Waingereza kwa miaka mingi. Tarehe 9 Aprili 1899, katika nchi ya Lango, wafalme hao wawili walikamatwa, na Kakungulu na watu wake walikuwa mbele katika kazi hiyo. Wote wawili walipelekwa visiwa vya Seychelles. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, akafia njiani, Jinja, kabla ya kuiona nchi yake.

Fikiri, ndugu msomaji. Mtu aliyekuwa mtumishi wa Kabaka ndiye aliyekwenda kumkamata Kabaka yuleyule ili awape wageni. Waingereza walimsifu sana. Naye aliamini kwamba deni hilo litalipwa.

KUVUKA KWENDA MASHARIKI

Tangu mwaka 1899 Kakungulu aliingia Bukedi na wafuasi wake, watu maelfu, na bunduki zao. Hakupewa mishahara ya kuwalipa. Walijilipa wenyewe kwa ng'ombe na chakula cha wenyeji, na wakubwa wao walijilipa kwa vyeo. Alijenga maboma, akamweka mkubwa wa Kiganda katika kila boma, akaigawa nchi kwa masaza na magombolola kama ilivyokuwa kwao. Makao yake makuu yalikuwa Budaka, katika nchi ya Wagwere.

Wenyeji walikuwa makabila mengi: Wagwere, Wagisu wa mlima Masaba ambao ramani huuita Elgon, Wateso, Wapadhola na wengineo. Wengi wao hawakuwa na mfalme. Waliongozwa na wazee wa koo. Kwa macho ya Waganda, watu wasio na mfalme walikuwa watu wasio na serikali, basi ilikuwa ni wema kuwapelekea serikali. Wenyeji hawakuuona wema huo. Walioweza walipigana, wengine walipanda mlimani, na wengine wakapatana na Kakungulu ili wamtumie dhidi ya jirani zao.

Yeye mwenyewe sasa alijiona mfalme. Aliamini kwamba Sir Harry Johnston, Kamishna Maalumu wa Uingereza, amemwahidi kuwa Kabaka wa Bukedi, na wafuasi wake wakamheshimu kwa heshima hiyo. Ni dhahiri kwamba Waingereza walipenda kazi aliyoifanya, kwa kuwa haikuwagharimu fedha. Lakini hawakutaka mfalme mwingine. Malalamiko juu ya unyang'anyi wa watu wake yalipozidi, serikali ikaamka. Mwaka 1902 alitolewa Budaka, ngome zake zikachukuliwa, naye akapewa maili 20 za mraba za ardhi kuwa mali yake. Mtu aliyeshika nchi nzima akapewa shamba.

MJI UNAZALIWA

Hapa ndipo tunapomwona Kakungulu katika ubora wake. Mtu mwingine angalikaa chini akalia. Yeye alichagua mahali chini ya mlima Masaba, penye mito inayoteremka na udongo wenye rutuba, akahamia na wafuasi wake, akaanza kujenga. Walifyeka pori, wakapanda migomba kwa wingi mpaka mahali palipokuwa nyika pakaonekana kama Buganda. Akapima barabara pana zilizonyooka, akazipandia miti kando ili msafiri apate kivuli. Penye mabwawa ya mafunjo akajaza udongo mpaka watu wakapita bila kulowa.

Sokoni wakaja Wahindi na maduka yao, Waarabu, na Waswahili wa misafara waliokuwa wakifuata pembe za ndovu. Mahali palipokuwa hapana kitu pakawa mji kwa miaka michache tu, na haukupita muda serikali yenyewe ikaacha Budaka ikahamishia ofisi yake Mbale. Waingereza walimfukuza katika mji wake wa kwanza, wakamfuata katika wa pili.

Kwa kazi hiyo Kakungulu anastahili sifa, na hakuna haki katika kumnyima. Katika miaka ya 1960 watu wengi walikuwa wakiusifu Mbale kuwa mji safi kuliko yote ya Uganda, na ramani ya kwanza ya usafi huo aliichora yeye.

Lakini tazama ni nani waliokuwa wakilima barabara hizo. Walikuwa ni wenyeji, kwa amri. Tazama ni nani waliokuwa wakisimamia. Walikuwa ni Waganda. Kodi ya kibanda ilipoletwa, aliyeikusanya ni Mganda. Kesi ilipopelekwa barazani, aliyeihukumu ni Mganda, na iliandikwa kwa Luganda. Mtoto alipopelekwa shule ya misheni, kitabu alichopewa kilikuwa cha Luganda, maana Biblia nzima ilikuwa imekwisha kufasiriwa kwa lugha hiyo tangu mwaka 1896, na wamisionari waliona ni taabu na gharama kuanza upya kwa kila kabila. Mgisu aliyetaka kusali, kushtaki au kuuza pamba ilimpasa kwanza aazime ulimi wa jirani.

Waingereza walipenda utaratibu huo. Hata walipomwondoa Kakungulu, watu wake walibaki kazini wakiitwa maajenti, wakaenezwa mpaka Teso na kwingineko.

OFISI NA LUGHA

Sisi wa Tanzania tusicheke mapema. Wajerumani nao walitawala sehemu kubwa ya nchi yetu kwa kuwatuma maakida na majumbe, wengi wao wakiwa watu wa pwani, kuwaongoza watu ambao hawakuwa wa kwao. Akida alikusanya kodi, akatoa watu wa kazi za lazima katika mashamba ya pamba, akapiga viboko. Chuki juu ya maakida ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasha Vita vya Maji Maji mwaka 1905.

Tofauti yetu na Uganda ilikuwa katika lugha. Kiswahili cha akida kilikuwa kimekwisha kusafiri bara na misafara, na hapakuwa na kabila moja la bara lililoweza kukidai kuwa chake peke yake. Akida alipoondoka, lugha ilibaki, na wenyeji wakaitwaa kuwa silaha yao wenyewe. Luganda kilikuwa lugha ya taifa moja lenye mfalme, baraza na mipaka. Kukitumia Mbale kulikuwa ni kama kupandisha bendera ya Mengo. Gavana Gowers alipopendekeza Kiswahili katika Uganda mnamo mwaka 1927, Kabaka Daudi Chwa alikipinga kwa maandishi mwaka 1929, akihofu kwamba kitaivunja lugha na desturi ya watu wake. Si ajabu kuogopa hivyo. Lakini hofu hiyohiyo ndiyo waliyokuwa nayo Wagisu juu ya Luganda, nao hawakuulizwa.

Wala si mambo ya Waafrika tu, kama wengine wanavyopenda kusema. Zama zilezile za Kakungulu, katika nchi za Bohemia na Moravia zilizokuwa chini ya mfalme wa Austria, Wajerumani na Wacheki waligombania miji midogo kwa namna iyo hiyo: nani akae katika halmashauri ya mji, shule ifundishe kwa lugha gani, karani wa mahakama amjibu mwananchi kwa maneno gani. Chuo kikuu cha Prague kiligawanywa viwili mwaka 1882, kimoja cha Kijerumani na kingine cha Kicheki. Mwaka 1897 waziri mkuu Badeni aliamuru kwamba maofisa wa huko wajue lugha zote mbili. Wacheki wengi walikuwa wanakijua Kijerumani tangu zamani, lakini Wajerumani wachache tu ndio waliojua Kicheki, kwa sababu mwenye ofisi hakuona haja ya kujifunza lugha ya mwenye shamba. Zikazuka ghasia mabarabarani, na Badeni akafukuzwa kazi mwaka huohuo. Ugomvi haukuisha. Uliingia katika vita viwili vya dunia, na baada ya 1945 Wajerumani karibu milioni tatu walitolewa katika nchi ile, wakaiacha miji ambayo babu zao waliijenga. Yalianza na mambo ya makarani.

MIAKA YA UCHUNGU

Turudi kwa Kakungulu. Mwaka 1906 Waingereza, waliokuwa bado wanamhitaji, walimpeleka Jinja kuwa Rais wa Baraza la Busoga. Wasoga walikuwa na machifu wengi wasiopatana, na serikali ilitaka mtu wa kuwaunganisha. Alikaa huko mpaka 1913. Kwa mara nyingine alifanya kazi ya kuwapanga watu wasio wake, na kwa mara nyingine kazi ilipokwisha akaambiwa arudi.

Alirudi Mbale akiwa mtu mwingine. Kagwa, mshindani wake, alikuwa na heshima ya Sir. Kakungulu hakuwa na ufalme wala saza la maana, na maofisa vijana wa Kiingereza, waliokuwa watoto wadogo wakati yeye anamkamata Kabalega, walimpa amri kama tarishi. Wafuasi wake walikuwa wanatawanyika. Alikuwa amewatumikia Waingereza kama ngazi anavyomtumikia mwenye kupanda, na ngazi haialikwi juu.

Uchungu huo aliupeleka katika dini. Mnamo miaka ya 1913 na 1914 ilitokea huko Buganda dini mpya iliyoitwa ya Malaki, kwa jina la mwalimu mmoja wa chanzo chake. Watu wake walimwamini Mungu Mmoja Mwenyezi, wakabatiza watu upesi bila masomo marefu ya wamisionari, na wakakataa dawa za hospitali na sindano, wakisema kuponya ni kazi ya Mungu. Kakungulu akajiunga nao. Akawagomea maofisa wa serikali katika mambo ya chanjo, hata ng'ombe wake hakutaka wachanjwe.

Kisha akaendelea kusoma Biblia yake ya Luganda peke yake, hasa vitabu vya Musa. Akaona kwamba Sabato ni Jumamosi na kwamba tohara ni agizo. Wenzake wa Malaki walipomwonya kwamba tohara ni ya Wayahudi, aliwajibu kwamba basi na yeye atakuwa Myahudi. Mwaka 1919 alitahiriwa, akiwa mtu wa miaka kama 50, pamoja na wanawe. Angalia ajabu hii: Waganda hawakuwa na desturi ya tohara na waliwacheka walioitahiri miili yao. Wagisu ndio wenye sherehe kubwa ya tohara, imbalu. Yule aliyekuja kuwafundisha Wagisu ustaarabu akaishia kutahiriwa uzeeni katika nchi yao, ingawa alifanya hivyo kwa agizo la kitabu, si kwa desturi yao.

Akaanzisha jamaa ya waumini karibu na Mbale, waitwao Abayudaya, yaani Wayahudi. Mwaka 1922 alitoa kitabu cha kuwaongoza. Myahudi mmoja mgeni aliyepita huko mnamo 1920 alikaa nao miezi kadhaa, akawafundisha sala na kalenda. Kakungulu hakuwa tena na askari, lakini alikuwa amepata watu ambao hakuna Kamishna aliyeweza kumnyang'anya.

Alifariki tarehe 24 Novemba 1928, akazikwa Mbale, katika mji alioujenga.

MJI BAADA YAKE

Serikali ilikuwa imeanza kuwapunguza maajenti wa Kiganda hata kabla hajafa, na taratibu wenyeji wakashika nafasi zao. Waganda waliondoka ofisini, lakini mchezo waliouanzisha haukuondoka. Wagisu na majirani zao walikuwa wamekwisha kufundishwa kwamba anayeshika mji ndiye anayeshika kodi, kazi na shule. Basi wakaanza kugombania Mbale wao kwa wao.

Mwaka 1954 Bugisu ilitengwa na Bukedi ikawa wilaya yake. Mji uko karibu kabisa na mpaka, na ofisi za Bukedi nazo zilikuwa mle mle. Wagisu walidai Mbale ni wao, maana uko chini ya mlima wao. Watu wa Bukedi, hasa Wagwere, walidai wana haki nao. Ugomvi ukawa mkali hata Uganda ilipopata Uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, Katiba ililazimika kuitaja Mbale peke yake kuwa eneo, mbali na wilaya zote. Nchi nzima ilikuwa na falme zake na wilaya zake, na katikati mji mmoja uliokosa wa kumkabidhi. Baadaye Bukedi ilihamishia makao yake Tororo, na Mbale ikabaki na Wagisu. Tarehe 1 Julai 2020 ilipandishwa kuwa jiji.

Na Abayudaya? Katika utawala wa Idi Amin, kuanzia 1971 mpaka 1979, dini yao ilipigwa marufuku, na wengi wakaiacha. Waliobaki walikuwa mamia machache tu. Leo wameongezeka tena, na wengi wao wanaishi katika vilima vilivyo karibu na Mbale, wanalima kahawa na ndizi pamoja na majirani zao Wakristo na Waislamu. Inafaa kufikiri juu ya hili. Katika mambo yote aliyoyaanzisha Kakungulu kwa bunduki, hakuna lililobaki jinsi alivyolitaka. Alichokianzisha bila bunduki kingali kipo.

NENO KWETU

Watu wamemhukumu Kakungulu kwa namna mbili. Wengine humwita kibaraka wa wakoloni aliyewauza wafalme. Wengine humwita mwasisi, wakaonyesha barabara na miti. Mimi naona alikuwa yote mawili. Alikuwa mjenzi hodari aliyejenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine: mkono uliopanda miti ulikuwa wake, na mkono uliobomoa ulikuwa ule wa kumweka mtu wa kwao katika kila kiti.

Tulio wazee wa shule hii wengi wetu tumepata viti, vikubwa na vidogo. Kuna wakurugenzi, wakaguzi, mabwana shamba, waganga wakuu na walimu wakuu waliotoka chini ya mlima Hanang. Babati inakua, Katesh inakua, na watu wanaingia kutoka kila upande, wafugaji, wakulima na wafanya biashara. Katika mji unaokua, siku moja ofisini kwako vitaingia vyeti viwili vya kuomba kazi. Kimoja kitakuwa cha kijana anayekuamkia kwa kilugha chenu, naye moyo wako utampenda kabla hujasoma alama zake. Siku hiyo hakuna mtu atakayekuona. Hapo ndipo mji hujengwa au hubomolewa.

Nanyi wadogo zetu mnaosoma sasa, taniananeni kwa makabila yenu, maana utani ni udugu. Lakini angalieni lugha mnayoombana chumvi. Wenzetu walipigana miaka mingi kwa kukosa kitu ambacho ninyi mnakitumia kila siku bila kukilipia. Mkienda Mbale siku moja, tembeeni katika barabara zile pana chini ya mlima Masaba, mkumbuke aliyezipima. Kisha mkumbuke na wale waliozilima, ambao majina yao hayakuandikwa katika lugha yoyote.